Pango la Nzomo Linapumua

Siku mashine ilipopata ilichokuwa ikitafuta, Mbula alikuwa anamimina chai. Chai ikajaa kikombe, ikajaa sahani, ikamwagika mezani, ikaanza kuelekea viatu vya naibu chifu.

"Mama Mutie, imetosha! Unataka kunibatiza mara ya pili?"

Mbula hakusikia. Masikio yake yote mawili yalikuwa kwa Nyawira, msichana wa chuo kikuu, aliyekuwa amesimama mlangoni akihema, karatasi ndefu imemning'inia mkononi kama mkia.

"Inavuja," Nyawira alisema. "Siku tatu mfululizo. Lakini si pale kwenye kisima. Ni kando, kwenye ule ufa wa mawe meusi nyuma ya boma la shosho."

Shosho mwenyewe, yaani bibi kwa lugha ya kwao Nyawira, ndiye Mbula. Ufa wenyewe ulitokea kwenye pango alimohifadhi asali marehemu mumewe, Nzomo. Na ndani ya pango hilo, saa hiyo hiyo Nyawira akisema, palikuwa na mitungi minane ya lita ishirini, imejaa uki, yaani pombe ya asali, inachemka yenyewe bila moto, vifuniko vimelegezwa isije ikapasuka.

Mbula aliweka birika chini polepole.

Kisima kilikuwa cha zamani. Mwaka wa sabini na nne Serikali ilileta mtambo wa kuchimba maji upande huu wa Kasikeu unaotazama Sultan Hamud, na watu wakaja na ndoo tayari. Mafundi walichimba siku tisa. Ya kumi shimo likapiga mbweu kubwa, likarusha maji kidogo yenye povu kama soda iliyotikiswa, halafu likabaki kutoa upepo usio na harufu. Jogoo mmoja aliyekwenda kuchungulia hakurudi. Mafundi wakaliziba kwa zege, wakapanda lori lao, na watu wakaenda nyumbani na ndoo zimejaa upepo.

Miaka ishirini na miwili baadaye ndipo Nyawira na wenzake wawili walipotumwa kuja kuuliza swali moja tu: ile hewa bado imelala chini ya mwamba, ama inatoroka? Kama mwamba unaweza kuifunga miaka yote hiyo, Nyawira alieleza, basi huko mbele watu wanaweza kuchukua hewa chafu ya viwanda na kuifungia chini vivyo hivyo. Mbula alimwuliza kama huko chini kutabaki nafasi ya kufungia mashemeji wawili watatu.

Walitega kitu walichokiita leza, wakawa wanakihamisha, leo kisimani, kesho kwenye mawe. Upande mmoja sanduku juu ya miguu mitatu. Hatua mia moja mbele, kioo juu ya miguu mingine mitatu. Katikati hapana kitu. Lakini Nyawira aliapa kwamba kuna mstari wa mwanga usioonekana kwa macho, unatoka sandukuni, unagonga kioo, unarudi. Hewa ukaa ikipita pale inaumeza ule mwanga kidogo, sanduku linapima kilichomezwa, na kalamu yake inachora kwenye karatasi. Hewa ikiwa kidogo inachora uwanda. Ikiwa nyingi inachora mlima.

"Na hiyo hewa ukaa ni mdudu gani?" Mbula aliuliza siku ile ya kwanza.

"Ni hii unayoitoa puani, shosho. Ndiyo hata inapanda kwenye soda. Kidogo haina shida. Ikijaa mahali, mtu analala haamki."

Mbula akaenda akasimama kwenye ule mstari, akavuta pumzi mpaka vifungo vya sweta vikalia, akapuliza. Kalamu ikaruka.

"Shosho! Toka hapo! Umenichorea mlima!"

"Mlima upi?"

"Kilimanjaro!"

"Kumbe bado niko na nguvu." Akazunguka lile sanduku, mikono mgongoni, kama anayenunua ng'ombe. "Na inanusa vitu vingine? Tuseme ugoro?"

"Hapana. Hewa ukaa peke yake. Na haijui imetoka kwa nani, inajua tu iko."

"Basi pua yangu inaishinda," Mbula alisema, kifua mbele.

Hakuwa anatania. Kanisani kwao, ambako tone la pombe ni dhambi mbele ya watu wote, Mbula alikuwa mwenyekiti wa akina mama na ndiye aliyesimama mlangoni kila Jumapili kupokea watu. Kila mwanamume aliyeingia alipewa mkono, akavutwa karibu, akaulizwa habari za nyumbani. Akifungua tu kinywa kujibu, Mbula ameshamaliza kazi. Kile kitambaa cha ukutani chenye maneno POMBE NI SUMU alikishona yeye, kwa uzi mwekundu, na pembeni akaweka nyoka.

Mwezi wa tatu mwaka huo alimshika mkono Mzee Mulei, jirani yake wa chini, na hakuuachia. "Wazee wa kanisa," aliita, "njoni mnuse." Walikuja, wakanusa, mmoja mmoja, Mulei amesimama kimya kama ng'ombe wa mnada. Akatengwa. Hakuruhusiwa tena meza ya Bwana, akapewa benchi la nyuma, lile lenye mguu mmoja mfupi. Alichosema ni kimoja tu: "Mama Mutie, pua yako ni nzuri. Inajua inachojua."

Uki aliokunywa Mulei ulikuwa wa Mbula.

Ilianza vizuri, au Mbula alijiambia ilianza vizuri. Nzomo alipokufa aliacha mizinga kumi na miwili mitini, na nyuki hawakujua kwamba mwenye nyumba ameokoka. Halafu kuna mambo ya ntheo. Msichana wa Kikamba hajaolewa mpaka wale mbuzi watatu wa ntheo wafike kwao na wazee wakubali, na wazee hawakubali na koo kavu. Hata nyumba za Kikristo zilijua hivyo. Mchungaji aliomba, akatolewa nje kuonyeshwa mbuzi, na alipokuwa akisifu mbuzi, kibuyu kilizunguka ndani haraka haraka. Kilikotoka hakuna aliyeuliza. Kilitoka kwa Wariara, mwenye duka Sultan Hamud, na Wariara alikuwa na kinywa kilichofungwa vizuri kuliko kile kisima. Aliyejua kutia tunda la muatine lililokaushwa ili kuiamsha asali, na kungoja siku tatu pangoni mpaka taa ya chemni ikishushwa inazimika, alikuwa Mbula.

Ni kwa ajili ya ntheo tu, alijiambia. Lakini hakuna ntheo inayokunywa mitungi minane.

Sasa naibu chifu alikuwa amesimama, chai imemkosa, sura ya kazi usoni. "Hiyo hewa ikitoka kwa ufa inaenda wapi?"

"Ni nzito, inateremka," Nyawira alisema. "Inafuata bonde."

Wote wakatazama chini mlangoni. Bondeni palikuwa na nyumba moja, ya mabati, na mti wa muarobaini, na chini ya mti kaburi lililozungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa. Kaburi la Kalunde, mke wa Mulei. Mzee mwenyewe alikuwa ameketi hapo kando, anatengeneza kamba.

"Basi Mulei anahama," naibu chifu alisema. "Mimi sitaki maiti kwa lokesheni yangu. Jumatatu mabati yanashuka."

"Atahamia wapi?" Mbula aliuliza.

"Ana binti Tseikuru. Huko kuna nafasi hata ya ndovu."

"Tseikuru ni safari ya siku mbili! Na Kalunde?"

"Kalunde hapumui, Mama Mutie. Hewa haimdhuru."

Mbula angesema hapo hapo. Maneno yalikuwa machache. Aliyahesabu: ni pombe, ni yangu, samahani. Lakini naibu chifu alikuwa mzee wa kanisa, na huyo huyo ndiye aliyekuwa wa pili kumnusa Mulei mwezi wa tatu. Mbula alifungua kinywa, akasema, "Ongezeni sukari."

Kesho yake, Jumamosi, alimpelekea Nyawira muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kwenye mashine. Alizunguka maneno weee, mvua, bei ya mahindi, mama yake Nyawira anaishi wapi, mpaka akafika.

"Na tuseme hiyo hewa iache tu. Mlima ulale. Mzee bado atahama?"

"Ikipungua na kubaki hivyo, nitamwandikia naibu chifu amwache. Mbona, shosho, unamhurumia?"

"Ni jirani," Mbula alisema. Akaona aibu hata kwa neno hilo.

Jumapili alijifunga kichwa kwa leso, akatuma neno kwamba jino limemshika. Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kukosa mlangoni. Alingoja mpaka wimbo wa kwanza uliposikika kutoka kanisani, Nyawira na wenzake nao wakiwa humo, akaingia pangoni na kuanza kuburuta mitungi, mmoja mmoja, magoti yakilia. Alipumzika nje kila mara kwa sababu mle ndani kichwa kilimzunguka. Uki ulikuwa mzuri. Ulikuwa mwekundu kidogo, na harufu yake ilikuwa ya Nzomo akirudi jioni. Aliumimina wote kwenye mtaro nyuma ya boma, mitungi minane, huku anaomba msamaha na hajui anamwomba nani, Mungu ama Nzomo.

Kosa lake lilikuwa hapo, na halikuwa la kusamehewa, kwa sababu mtaro ule aliuchimba mwenyewe. Kila mtu wa Ukambani anajua mtaro haukai na maji. Unampelekea wa chini. Walikuwa wameuchimba kwa mwethya, kazi ya kusaidiana, wanawake ishirini na majembe na nyimbo, na Mbula ndiye aliyepima mteremko kwa kamba na chupa ya maji, akasema, "Hapa ugeuke, mwisho uingie kwa Mulei, Kalunde apate maji ya mbuzi." Kalunde alicheka siku hiyo mpaka akaketi.

Ilikuwa mwezi wa kumi, mvua bado, na mbuzi wa Mulei hawakuwa wameonja maji tangu juzi.

Saa saba watu walipotoka kanisani, kelele zilianzia bondeni. Mbuzi saba. Mmoja alikuwa amelala chali, miguu minne juu. Wawili waliegemeana vichwa kama wanaosikiliza siri. Beberu mkubwa alitembea kwa makini sana kuelekea ukuta wa nyumba, akaugonga, akaurudia. Waliobaki walikuwa wamelala kando ya dimbwi mtaro unapoishia, macho wazi, hawajali kitu.

"Hewa!" mtu alipiga kelele. "Hewa imefika kwa Mulei!"

Nyawira alishuka mbio na karatasi yake. Uso wake ulikuwa umechanganyikiwa. "Sielewi. Tangu saa nne pale kwa ufa mlima umelala. Hakuna kitu. Kabisa."

"Imehama!" naibu chifu alisema, Biblia kwapani. "Imetoka kule, imekuja huku! Si unaona? Imemfuata mzee mpaka nyumbani!"

"Hewa haifuati mtu..."

"Dada, uliniambia inateremka. Si imeteremka?" Akageukia vijana wa kwaya. "Hatungoji Jumatatu. Pandeni juu, mabati yashuke sasa hivi."

Vijana wakavua makoti ya kwaya. Mchungaji Jonah akaanza kuomba kwa sauti, jicho moja limefunguliwa kwa ajili ya beberu. Mulei hakukataa. Alitembea mpaka kwenye kaburi, akaketi juu ya jiwe la mwisho lenye chokaa, akaweka mikono magotini. "Huyu nitamwambia nini?" aliuliza, si kwa mtu fulani.

Bati la kwanza likalia, misumari ikang'oka.

Mbula alikuwa amesimama nyuma ya watu wote, leso ya jino bado kichwani. Alitaka ardhi ivuje kweli. Ivuje sana, immeze yeye na mitungi yake.

Mbuzi mdogo, jike lenye doa jeupe, alipepesuka mpaka kwenye miguu ya Mulei, akaanguka mapajani pake. Mzee alimshika taya, akainama kumtazama macho. Akakaa hivyo. Kisha akainua kichwa taratibu, akatazama juu ya watu wote, juu ya mchungaji na naibu chifu, mpaka kule nyuma.

"Mama Mutie," aliita. "Wewe ndiye mwenye pua. Njoo unuse huyu mbuzi."

Watu walicheka kidogo, halafu wakaacha, kwa sababu Mulei hakucheka. Njia ikafunguka katikati. Mbula alitembea njia hiyo. Aliwahi kutembea ndefu kuliko hiyo, kwenda kwao Kitui kwa miguu mwaka wa njaa, lakini haikuwa na watu kila upande waliovaa nguo za Jumapili.

Akapiga magoti. Mbuzi akamtazama kwa upendo mwingi, akapiga mbweu.

Harufu ya Nzomo akirudi jioni.

"Ni nini?" Mulei aliuliza, kwa upole, sauti ya chini.

Mbula aliangalia mikono yake. Kucha zilikuwa bado na rangi ya asali. Angeweza kusema ni ile hewa. Wote wangeamini, kwa sababu pua yake haikuwahi kukosea. Juu ya nyumba bati la pili lililia.

"Ni uki," alisema.

"Sema wasikie," Mulei alisema.

"Ni uki!" Sauti ikamtoka kali, kama ya mlangoni. "Teremkeni hapo juu! Ni pombe, na ni yangu. Ilikuwa kwa pango la Nzomo, mitungi minane. Ndiyo ilikuwa inapumua, mashine ikaisikia. Asubuhi nilimwaga, mbuzi wakakunywa. Hakuna hewa hapa. Ni mimi."

Kijana juu ya paa alibaki ameshika bati kama trei. Mwanamke mmoja alisema, "Mwenyekiti?" akafunga mdomo kwa kiganja. Mchungaji Jonah, ambaye binti yake aliolewa mwezi wa nane na wazee wakatoka wakiimba, alitazama juu kukagua mawingu, nayo hayakuwapo.

Naibu chifu ndiye aliyepata maneno kwanza. "Kwa hivyo mwezi wa tatu, ile ya Mulei..."

"Yangu."

"Na wewe ndiye ulituita tunuse."

"Mimi."

Alisubiri wacheke. Angewasaidia hata kucheka, alikuwa na kitu tayari juu ya beberu. Lakini walimtazama tu, wengine kwa huruma, na hiyo huruma ilimwunguza. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Mbula alikuwa na mzaha akaumeza.

Nyawira alikuwa amekaa chini, karatasi mapajani, kidole kinafuata mstari. "Uki ukichemka unatoa hewa ukaa," alisema, kama anayejisomea. "Bila shaka unatoa. Si mwamba unaovuja. Ni shosho." Kisha, kwa sababu alikuwa mtoto wa shule na hakujua aibu ya mahali, akasema mbele ya wote: "Shosho, unaweza kupika tena? Mitungi miwili tu. Nikijua imetoa kiasi gani, nitajua kama mashine yangu inasema ukweli. Tutaiweka pale wazi."

Na iliwekwa pale wazi. Mashine ilitaka uki uive wenyewe, jua kali, siku tatu, hatua ishirini kutoka kwenye njia ya kwenda sokoni Kasikeu. Naibu chifu aliweka sahihi kwenye barua ya ruhusa, akaomba jina lake lisisomeke. Mbula aliketi kando ya mitungi akilinda mbuzi wasije. Kila aliyepita alimsalimu kwa heshima zote, na kila salamu ilimpiga kama kofi. Wanawake wa chama chake walipita na mizigo kichwani, macho mbele. Jioni ya tatu Nyawira alimletea karatasi. Mlima ulikuwa safi, mzuri, hata mtoto angeujua. "Inasema ukweli," msichana alisema, anang'aa. "Na kisima hakivuji hata kidogo. Umenisaidia sana, shosho."

"Niite susu, kama Wakamba wanavyomwita bibi," Mbula alisema. "Shosho ameharibika."

Jumapili iliyofuata mlangoni alisimama mwanamke mwingine, mdogo, asiyejua aweke wapi macho. Alimpa Mbula mkono na kuuachia upesi. Kile kitambaa cha nyoka kilikuwa ukutani bado. Mbula alipita viti vya mbele, akapita vya katikati ambako wanawake walikunja magauni kana kwamba ni mvua, akafika benchi la nyuma, alilopewa sasa naye.

Mulei alisogea. Benchi likainama upande wa ule mguu mfupi.

"Kaa katikati," mzee alinong'ona. "Ukikaa mwisho linakuangusha. Nimekaa hapa miezi saba, nalijua."

Aliketi. Wimbo ukaimbwa, ukaisha.

"Ulijua," Mbula alisema, bila kugeuza kichwa.

"Nilikunywa na Nzomo miaka thelathini. Asali ya mizinga ile nitaikosa? Nilijua pale mlangoni, umenishika mkono."

"Na hukusema."

"Ungesema nini? Ungesema ni mlevi anasingizia. Nikasema nitangoja."

"Kungoja nini, Mulei?"

"Unuse."

Mbula alivuta leso mpaka machoni. Kulikuwa na neno samahani mdomoni mwake tangu Jumapili ile, na sasa alilisema, dogo, kavu, na Mulei akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepokea kikombe cha maji tu.

Mbele wakaanza kupitisha meza ya Bwana, mkate, kisha vikombe vidogo. Kutoka benchi la nyuma huoni nyuso za watu, unaona visogo. Mbula alianza kuvitazama. Kile kisogo, ntheo ya mwaka wa themanini na tisa, vibuyu viwili. Kile chenye kofia nyeupe, mitungi mitatu, na shemeji aliyeanguka kwenye zizi. Kile cha mchungaji...

Akaacha. Akatazama chini miguuni pake, kwenye ule mguu mfupi wa benchi, kwa sababu hata hapo alikuwa bado ananusa watu.